Nyumba Iliyonona na Zamu ya Pili

Katika bao la Kiswahili, iwe barazani Zanzibar au kijiweni Turiani chini ya milima ya Nguru, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Sita kati ya zile za ubaoni zimo ndani ya nyumba, shimo maalumu la safu ya mbele. Hiyo ni mali kubwa, lakini kwa anayecheza wa pili ni mali yenye hatari, kwa sababu mwenzake ndiye anayetangulia kuchagua pa kushambulia. Wengi wakibanwa hivyo huikimbia nyumba, yaani huisafirisha mapema kabla haijaliwa. Hoja yangu ni kwamba nyumba imara hulindwa kwa kuitumia kula, na kwamba mchezaji wa pili hushinda au hushindwa kwa upande anaochagua kupanda kete anazokula.

Ushahidi umo katika hatua za kwanza kabisa. Tuhesabu mashimo ya mbele ya kila mchezaji kuanzia kushoto kwake: nyumba ni la tano lenye kete 6, la sita na la saba yana mbilimbili. Mashimo yanayotazamana hujumlisha tisa, kwa hiyo la nne la mmoja hutazamana na nyumba ya mwenzake. Mwanzoni hakuna kinacholika, kwa kuwa mashimo yenye kete yanatazamana na matupu, basi anayeanza hutakata, yaani hupanda bila kula. Moja ya hatua kali ni kunamua (kuingiza kete ya mkononi) katika shimo la sita na kupanda kushoto: nyumba yake hufika 7, kisha kete moja moja huangukia la nne na la tatu. Ile ya shimo la nne ni tishio la wazi, maana zamu ijayo inaweza kula nyumba nzima. Mchezaji wa pili hana haja ya kutetereka. Ananamua ndani ya nyumba yenyewe, anakula ile kete moja iliyokuja kumtisha, na nyumba yake inakuwa na 7.

Atasema mtu kwamba hapo hakuna ufundi, kwa kuwa kanuni inamlazimisha mchezaji kula panapolika. Ni kweli analazimika kula, lakini hachaguliwi ale wapi wala apande upande gani. Angeweza kula kwa shimo la sita akaliacha tishio limesimama. Na hata akila kwa nyumba, kete aliyoipata anaweza kuiweka katika kichwa (shimo la pembeni kabisa la mbele) cha kulia au cha kushoto. Tuseme mpinzani anarudi kwa ukali: ananamua shimo la tatu, anakula kete 2, anazipanda kuanzia kulia, zinaendelea kutoka la saba, na ya mwisho inatua tena shimo la nne. Nyumba ya mchezaji wa pili inamla tena na kufika 8. Kama ile kete ya kwanza aliiweka kushoto, hii ya pili inaikuta pale, na kichwa hicho kinatazamana na kete moja ya mpinzani, nayo inaliwa. Kete tatu zilizokusanyika zinapandwa la pili, la tatu na la nne, na sasa nyumba inayotishiwa ni ya mshambuliaji. Mchezaji wa pili ana kete 13 ubaoni, mwenzake 11. Kama angeiweka kulia, mlo huo wa pili usingekuwepo.

Pingamizi zito zaidi ni la wazoefu wanaosema kwamba nyumba iliyonona ikiliwa hasara haifidiki, hivyo heri isafiri ingali ndogo. Hesabu inawakataa. Nyumba yenye kete 6 hadi 11, ipandwe kushoto au kulia, kete yake ya mwisho huishia safu ya nyuma. Mapema mchezoni safu hiyo ni tupu, kwa hiyo zamu inakoma bila kula chochote. Kinachobaki mbele ni kete tatu au nne zilizotawanyika mbele ya mtu mwenye njaa, na haki ya kusimamisha upandaji nyumbani imepotea, kwa kuwa nyumba ikishavunjwa ni shimo kama mengine. Safari inafaa baadaye, safu ya nyuma ikishajaa kiasi cha kuipokea kete na kuirudisha mbele ili ipate kula.

Wapo pia wanaodhani hesabu kama hii haiwezekani katikati ya kelele za kijiwe. Alex de Voogt, aliyetoa tasnifu yake ya udaktari kuhusu umahiri wa bao mwaka 1995, aliwafanyia utafiti mafundi wa Zanzibar kwa sababu walikuwa wakiifanya hesabu hiyo kichwani. Mchezaji chipukizi wa Turiani hahitaji kuanzia mbali hivyo. Aanze na maswali mawili kabla ya kila mlo: shimo langu la nne na la mwenzangu yana nini, na kete hii nikiiweka kichwa kipi itakuta nini zamu ijayo? Mshambuliaji hawezi kutisha bila kuleta kete mbele, na kila aliyoileta mbele inalika. Anayecheza wa pili akilielewa hilo, ukali wa mwenzake unageuka chanzo cha kete zake.