Tarehe Iliyotangulia Darubini

Idi ya Aprili 2023 ilipangiwa siku kabla mtu hajainua darubini, na lile lilikuwa kosa la wazi. Serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba Ijumaa, tarehe 21, ni mapumziko ya Idd-ul-Fitr. Mwezi ulikuwa bado kutafutwa. Zamu yake ilikuwa Alhamisi jioni. Jibu likachapishwa, kisha watu wakatumwa kwenda kuuliza swali.

Turudi kwenye hesabu. Asubuhi ya Alhamisi hiyo wengi wenu mlitazama kwa simu jua likipatwa kule Exmouth, Australia. Jua halipatwi mpaka mwezi upite kati yetu nalo, kwa hiyo saa ya muunganiko ilijulikana na kila mwenye almanaka: saa moja na dakika 13 asubuhi kwa saa zetu. Jua la Mombasa lilitua saa kumi na mbili na dakika kama 20 jioni. Mwezi ulikuwa na umri wa saa kumi na moja na dakika chache tu. Sasa linganisheni. Mwezi mchanga kuliko yote ulioonekana kwa darubini ya macho mawili, tena kubwa, ni wa Mohsen Mirsaeed wa Iran, Septemba 2002: saa 11 na dakika 40. Kwa macho matupu, Stephen James O'Meara wa Marekani aliuona mwaka 1990 ukiwa na saa 15 na dakika 32. Ijumaa yetu ilihitaji mtu wa Pwani awapiku wote wawili.

Mtasema umri peke yake hautoshi. Kweli, ndiyo maana tunapima nyuzi. André Danjon wa Ufaransa alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye jua, ule uzi wa mwanga haupatikani. Jioni ile ulikuwa chini ya hapo, na ulitua kabla nusu saa haijaisha tangu jua lizame. Thierry Legault alishapiga picha ya mwezi wa nyuzi 4.4 mwaka 2013, lakini hiyo ni kamera ya miali isiyoonekana kwa jicho. Haileti shahidi mbele ya kadhi.

Saudi Arabia nayo ilitangaza Ijumaa, ingawa kituo cha falaki cha Abu Dhabi kilikuwa kimeonya kwamba hata darubini haitauona katika sehemu kubwa ya nchi za Kiarabu. Kufuata Makka au kungoja mwezi wa hapa ni suala la fikihi, nami nawaachia maulamaa. Langu ni ufundi. Anayetoka kuangalia mwezi huku redio imeshamtajia siku anatazama kwa tamaa. Chochote kinachong'aa magharibi humtosha, na jioni zile Zuhura alikuwa akiwaka huko huko.

Waliotoka Alhamisi wakatazama kwa uaminifu walitimiza wajibu wao.

Lakini mbona hatusemi kuhusu mahali pa kutazamia? Ufuo wa Likoni na wa Kisauni unatazama mashariki, na hilali huandama magharibi. Ukitaka upeo wa maana, panda Changamwe uelekee Miritini na Mazeras, na hata huko vilima vinakula sehemu ya chini ya anga. Tena acheni darubini za dukani zinazojigamba kukuza mara mia kadhaa. Ukuzaji mkubwa hufinya uwanja wa kuona na kufifisha mwanga, mwezi ukapita pembeni usijue. Kuza kidogo, subiri jua lizame kabisa usije ukaunguza jicho, halafu kaza macho inapokaribia nusu ya muda kati ya kutua kwa jua na kutua kwa mwezi.

Al-Battani aliyajua haya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, naye hakuwa na darubini: alikokotoa kwanza, akatazama, kisha akasema. Na hapa jirani, kutoka jukwaa la San Marco baharini Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani. Wale wataalamu walingoja chombo kiseme, ndipo wakaandika habari za Cygnus X-1. Hiyo ndiyo nidhamu niliyoikosa mwaka 2023, na inaniuma zaidi kwa kuwa wanafunzi wengi wa Likoni wanaijua darubini kwa picha ya kitabuni tu.

Kwa wanaoandaa tangazo la Idi ijayo: chapeni siku mbili, ya kwanza au ya pili, kwa kutegemea mwezi. Waajiri na shule watajipanga, na watazamaji wataachwa wafanye kazi yao.