Nyota Mbili Zinazofuatana: Uhakiki wa Marudio katika Semi za Ruwaza

Dhana ya marudio katika semi za ruwaza, ambazo wanaprogramu huziita rejeksi, inatokana na nadharia ya Stephen Kleene wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1956. Katika nadharia hiyo, nyota huashiria kitu kinachorudiwa mara yoyote, hata sifuri. Kihisabati nyota haina gharama: ama matini inaafiki ruwaza, ama haiafiki. Uhakiki huu unadai kwamba usomaji huo hautoshi pindi usemi unapoingizwa katika programu.

Tarehe 2 Julai 2019, kanuni mpya ya kuchuja maombi ya wavuti ilielemea seva za kampuni ya Cloudflare duniani kote kwa takriban dakika 27. Kiini cha tatizo kilikuwa kipande hiki:

.*.*=.*

Nukta huwakilisha herufi yoyote. Kimaana, nyota ya pili haiongezi chochote, kwani .*=.* hukubali matini zilezile. Kiutendaji, tofauti ni kubwa. Injini inayotafuta kwa kurudi nyuma hujaribu kila namna ya kuigawa matini baina ya nyota mbili za mwanzo. Matini ya herufi 20 isiyo na alama ya usawa hudai majaribio 231, kwa kuanzia herufi ya kwanza pekee. Ya herufi 200 hudai 20,301. Urefu umeongezeka mara 10, kazi karibu mara 88.

Yawezekana kudai kwamba kosa ni la injini. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha mbinu ya kufuata njia zote kwa pamoja, bila kurudi nyuma. Hata hivyo, lugha nyingi za programu zilichagua kurudi nyuma ili ziruhusu semi kama (\w+) \1, inayonasa neno lililoandikwa mara mbili mfululizo katika msimbo. Uwezo huo umo nje ya nadharia ya Kleene, nao una bei yake.

Kwa hiyo, usemi wa ruwaza haustahili kuhakikiwa kwa matini unazozikubali tu. Kipimo chake cha haki ni matini ndefu inayokaribia kuafiki, kisha ikashindwa mwishoni. Hapo ndipo gharama ya nyota hudhihirika.