Miliampea Tano Ambazo Bado Hazijapita

Katika vyumba vingi vya upasuaji nchini Marekani kuna kifaa ukutani chenye taa ya kijani. Siku taa nyekundu inapowaka na kengele kulia, asiyejua hudhani miliampea 5 za umeme zinapita mahali fulani, pengine mwilini mwa mgonjwa. Fundi aliyekisoma vizuri kifungu cha 517 cha kanuni ya umeme ya nchi hiyo, NEC, hashtuki hivyo. Anajua kwamba kifaa kinatabiri: iwapo sasa hivi mojawapo ya nyaya hizi ingegusa ardhi, umeme ambao ungepita ni kiasi hicho. Hatari inahesabiwa kabla haijatokea. Mimi naona hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo.

Majumbani nyutro imefungwa ardhini, kwa hiyo laivu ikigusa bodi ya mashine, breka inakata. Mgonjwa aliyepasuliwa kifua, anayepumua kwa mashine, hawezi kungoja mtu akairudishe breka. Basi transfoma ya kutenganisha huwekwa kati, na nyaya mbili zinazotoka humo hazifungwi ardhini, hata mmoja. Hitilafu ya kwanza inapiga kengele tu. Daktari anamaliza kushona. Ethi ya bodi za mashine inabaki palepale, na anayedhani neno "kutenganishwa" limeifuta amekosea vibaya.

Mfumo huu ulienea enzi za etha na saiklopropeni, dawa za usingizi zilizoweza kulipuka kwa cheche moja. Dawa hizo ziliondoka, lakini sakafu za upasuaji zinaendelea kulowa damu na maji ya chumvi. Mwaka 2012 kanuni nyingine, NFPA 99, iligeuza mzigo wa ushahidi: chumba cha upasuaji kihesabiwe kuwa mahali penye maji, mpaka uongozi wa hospitali utathmini hatari na kuonyesha vinginevyo. Sentensi hiyo moja huweza kuamua kama ukuta utajengwa na transfoma au bila.

Lakini ninachokipenda zaidi ni habari ya mafuta. Mafundi wakivuta nyaya ndani ya paipu huzipaka mafuta maalumu ziteleze. NEC inakataza, kwa nyaya za mfumo huu, mafuta yoyote yanayoongeza uwezo wa ganda la waya kuhifadhi chaji. Kwa nini? Kwa sababu waya mrefu uliolala ndani ya paipu la chuma huvujisha umeme kidogo hata ukiwa mzima kabisa, na ganda baya huongeza uvujaji huo. Uvujaji wote unaingia katika zile miliampea 5. Maelezo yaliyo chini ya kifungu yanashauri pia nyaya ziwe fupi na ganda lake liwe na kipimo cha uwezo huo kisichofika 3.5. Huo ni ushauri; katazo la mafuta ni amri. Msomaji hodari hachanganyi viwili hivyo, ila hauachi ushauri upite hivihivi, maana umetaja sababu ya amri.

Fundi asiyeusoma mstari huo wa mafuta atakabidhi chumba kizuri, nyaya za rangi ya chungwa na kahawia zimepangwa sawasawa, na huenda kengele ikalia kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa mezani.