Kwa Nini Bado Yupo? Namna ya Kumpima Mteuzi wa Raundi za Mwisho

Raundi ya kwanza ya drafti ya NFL hufanyika Alhamisi usiku kule Marekani, na kwetu Afrika Mashariki huwa ni Ijumaa saa 9 usiku, watu wamelala. Jumamosi mambo hugeuka. Raundi ya nne hadi ya saba huanza saa 1 usiku kwa saa zetu, mtu ameshaoga, chai iko mezani. Naiona hiyo kuwa bahati, kwa sababu utamu wenyewe uko Jumamosi.

Shabiki anayeandaa drafti ya mfano hujaza timu 32 kwa raundi saba, majina zaidi ya 250. Majina 20 ya juu hayana siri. Wachambuzi wameyataja tangu Januari, na karatasi za watu hufanana kama sare za shule. Mimi nikipewa karatasi ya mtu hufunua moja kwa moja raundi ya tano. Huko ndiko ninakojua kama mwenyewe ametazama mechi au amenakili orodha ya watu.

Swali la kwanza ninalouliza kwa kila jina ni hili: kwa nini bado yupo? Mchezaji aliyefika raundi ya sita amerukwa na ligi nzima kwa raundi tano, na kila timu ina maskauti wake na madaktari wake. Kwa hiyo ana dosari, tena inajulikana. Mteuzi mzuri huitaja dosari hiyo kabla hajasifu chochote, kisha anaeleza kwa nini timu aliyompelekea mchezaji huyo inaweza kuishi nayo. Anayeandika sifa tupu hajamchunguza mtu wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Jason Kelce, aliyechukuliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2011 katika raundi ya sita, nafasi ya 191. Aliingia Chuo Kikuu cha Cincinnati bila ufadhili wa masomo, na hakuanzia kwenye safu ya kuzuia; alihamishiwa huko baadaye. Kwenye vipimo vya kabla ya drafti, vinavyofanyika Indianapolis, alikuwa na kilo 127 hivi, uzito mdogo kwa kazi ya kusukumana na majitu ya safu ya ulinzi. Sababu ya kubaki kwake ni hiyo. Lakini alizikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.89, mwendo usio wa kawaida kwa mzuiaji. Mjuzi wa mwaka ule angeandika hivi: ni mwepesi mno kwa timu nyingi, ila Eagles wamemleta kocha Howard Mudd, anayependa wazuiaji wepesi wanaotoka mbio kumfungulia njia mbeba mpira, mpeni huyu senta. Sentensi kama hiyo ina mchezaji, dosari, kocha na kazi, vyote vimeshikana. Kelce alianza mechi zote za msimu wake wa kwanza na akacheza misimu 13, yote Philadelphia.

Dosari si sawa zote, na mteuzi hupimwa kwa namna anavyozitenga. Uzito huongezeka jikoni na kwenye vyuma. Mtu mpya kwenye nafasi yake atajifunza. Chuo kidogo ni anwani tu. Lakini kiuno kizito kisichogeuka haraka hakina mwalimu, na goti lililopasuliwa mara mbili ni la kuogopa. Kubwa kuliko hayo, kwa maoni yangu, ni mchezaji anayesimama kutazama mpira ukienda upande mwingine. Sijawahi kumpa alama mteuzi aliyelipuuza hilo.

Ndiyo maana video za dakika tatu zenye muziki hazitoshi. Ndani yake kila mtu ni shujaa. Tafuta mechi nzima, ikiwezekana ile ambayo timu yake ilifungwa vibaya, na umtazame yeye peke yake wakati mpira hauko kwake. George Kittle alidaka pasi 48 tu katika miaka yake yote ya chuo pale Iowa, timu inayopenda kukimbia na mpira kuliko kurusha. Msomaji wa takwimu angempita bila kugeuka. Aliyetazama mechi angemwona akimshika mlinzi kifuani, akimrudisha nyuma hatua tatu, nne, na kuendelea kumsukuma mpaka filimbi. Kisha angeangalia vipimo: kilo 112, yadi 40 kwa sekunde 4.52. San Francisco 49ers walimchukua mwaka 2017, raundi ya tano, nafasi ya 146. Mwaka uliofuata alipata yadi 1,377, rekodi ya msimu kwa nafasi yake wakati huo.

Upande wa pili wako wanaotaka mchezaji asiye na doa hata raundi ya saba, basi wanaishia kwa wakimbiaji wa saa, watu wenye mbio nzuri na mikono isiyodaka. Mchagua nazi hupata koroma.

Kuna ugonjwa mwingine, wa makotabeki. Tom Brady alichukuliwa na New England Patriots mwaka 2000 katika nafasi ya 199, akatwaa Super Bowl saba, na tangu hapo karatasi za mashabiki zimejaa warushaji wa raundi ya sita. Wanakumbuka nafasi tu. Wanasahau kwamba ushahidi ulikuwepo: kwenye mechi ya vyuo ya Orange Bowl, Januari 2000, timu yake ya Michigan walikuwa nyuma kwa pointi 14 mara mbili dhidi ya Alabama, Brady akawarudisha mara zote mbili na wakashinda 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Brock Purdy naye, mtu wa mwisho kabisa mwaka 2022, nafasi ya 262, alikuwa ameongoza Iowa State kwa misimu minne, na alipelekwa kwa Kyle Shanahan, kocha anayethamini mrushaji anayeamua mapema kuliko mwenye mkono wa bunduki. Ukimtaja kotabeki huko chini, niletee ushahidi wa namna hiyo. Jina la Brady si ushahidi.

Kisha niulize: siku ya kwanza atafanya kazi gani? Kikosi cha NFL ni watu 53, na chaguo la raundi ya saba haliingii kwa ahadi za miaka mitatu ijayo. Linaingia kwa kukimbia chini ya mpira wa teke, kumwangusha mrudishaji, kushika nafasi mbili au tatu. Julian Edelman alikuwa kotabeki wa Kent State na hakualikwa Indianapolis. Kwenye vipimo vya chuoni alilimaliza zoezi la koni tatu, linalopima kugeuka, kwa sekunde 6.62. Patriots walimchukua mwaka 2009 katika nafasi ya 232, wakamfanya mpokeaji na mrudishaji mipira, na kuna wakati wakamtumia hata kwenye ulinzi. Karatasi inayosema "atarudisha mipira ya teke huku akijifunza kupokea" ina thamani mara tatu ya ile inayosema "ana kipaji".

Pendekezo la mwisho ni la wapenzi wa raga, na Kenya wako wengi. Wao wana jicho ambalo Wamarekani wengi hawana. Wanamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti. Miaka mitano baadaye Eagles walitumia nafasi ya 233 kwa Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga ya ligi mwenye urefu wa mita 2 na ushee, ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Aliyethubutu kumweka kwenye karatasi yake mwaka ule, na akaeleza miguu ile inavyokwenda chini ya mwili ule, namvulia kofia.

Kwa hiyo usiichane karatasi yako wiki ya drafti ikiisha. Andika tarehe, ihifadhi, uifungue baada ya miaka mitatu. Mailata hakucheza hata mechi moja ya ligi mwaka 2018 wala 2019. Februari 2025, Eagles walipowafunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, ndiye aliyeanza upande wa kushoto wa safu yao ya kuzuia.