Maneno Yaliyo Juu ya Mlango wa Uppsala

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kulisikia jina la Uppsala, hata kama hawajui mji huo uko upande gani wa dunia. Wakristo wa Buhaya walilisikia kwa Bengt Sundkler, aliyefanya kazi ya misioni kwao, akarudi Ulaya kuwa profesa wa historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Uppsala tangu mwaka 1949, kisha akawa askofu wa kwanza wa Bukoba, 1961 mpaka 1964. Wengine walilisikia mwaka 1968, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipokutana huko. Ni mji wa Uswidi, kaskazini ya Stockholm. Chuo chake ndicho cha zamani kuliko vyote vya nchi zile za kaskazini: kilianzishwa mwaka 1477 kwa hati ya Papa Sixtus wa Nne na kwa juhudi ya Askofu Mkuu Jakob Ulvsson, miaka miwili kabla ya kile cha Copenhagen.

Hatukusudii kusimulia habari zote za chuo hicho. Ni ndefu, na nyingine hazina faida kwa mtu asiyekaa kule. Twataka kuyapima maneno machache tu yaliyoandikwa ukutani. Mwaka 1887 chuo kilifungua jumba lake kubwa, na ndani yake, juu ya mlango wa ukumbi, yamewekwa maneno ya Thomas Thorild, mshairi na mwanafalsafa wa Uswidi. Maana yake ni hii: kufikiri kwa uhuru kuna ukuu wake, lakini kufikiri kwa usahihi kwaupita ukuu huo. Kila aingiaye ukumbini hupita chini ya maneno hayo.

Mara ya kwanza tulipoyasoma tuliyapenda, yatupasa kukiri. Mwalimu yeyote atayapenda, maana mwalimu ndiye ashikaye wino mwekundu. Mtoto akifanya hesabu kwa njia yake mwenyewe, nasi tukiwa tumechoka, twatia alama ya kosa na kwenda kula. Wazazi nao watayapenda, na wazee wa kanisa pia. Kwani ni nani asiyetaka kijana wake afikiri sawasawa kuliko kufikiri apendavyo tu? Walakini tulipozidi kuzisoma habari za chuo chenyewe, mapenzi yetu yalipungua. Neno lenyewe si baya. Kasoro yake iko mahali lilipowekwa.

Tumtazame kwanza mwenye neno. Thorild hakuwa mtu wa kunyamaza, na mwaka 1793 alihamishwa katika nchi yake kwa sababu ya maandishi aliyoyatoa juu ya uhuru. Basi mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya uhuru akisema kwamba usahihi waupita uhuru, ajihukumu mwenyewe kwanza, ajiwekea mzigo. Bali wale wenye madaraka ya kufukuza wakiyatwaa maneno yale yale na kuyaweka juu ya mlango wao, wasema habari nyingine. Maskini akisema kwamba kuridhika ni bora kuliko mali, twamstahi. Tajiri akiliandika neno hilo juu ya mlango wa ghala yake, twacheka.

Tusiwe wadhalimu, lakini. Neno hili lina mashahidi wake. Palikuwa na Olof Rudbeck, mtu wa ajabu katika chuo hicho. Angali kijana aligundua mishipa ipitishayo maji meupe mwilini, ambayo si mishipa ya damu, akaionyesha mbele ya Malkia Kristina mwaka 1652. Alipanda bustani ya mimea, akajenga chumba cha pembe nane cha kufundishia viungo vya mwili wa mwanadamu, nacho chaonekana hata leo katika nyumba iitwayo Gustavianum. Kisha mtu huyu huyu, tangu mwaka 1679, alianza kutoa kitabu kikubwa mno cha kuthibitisha kwamba nchi ya Atlantis, ambayo Wayunani wa kale waliisimulia, ilikuwa Uswidi, na ya kuwa elimu ya mataifa ilitoka huko. Alifananisha majina na majina, akachimba makaburi ya kale, akapima tabaka za udongo, na kila alichokipata kilimrudisha nyumbani kwake. Huo ni uhuru wa kufikiri usio na usahihi, nasi twamjua mtu wa namna hiyo katika kila kijiji: akianza kueleza asili ya ukoo wake, jua huchwa. Hapo Thorild ashinda.

Lakini ni nani aushikaye mzani wa usahihi? Swali hili ukuta haulijibu. Katika karne ya 17 walimu wa theolojia wa Uppsala walitaka mafundisho ya Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa, yazuiwe chuoni. Ugomvi ulifika kwa Mfalme Karl wa Kumi na Moja, naye mwaka 1689 aliamua kwamba falsafa itumike kwa uhuru, ila isitumike kuihukumu Biblia wala imani. Sisi Wakristo twaweza kuufurahia mpaka huo. Walakini tumwangalie aliyeuweka: hakuwa mtume, wala hakuwa mwana elimu, alikuwa mfalme mwenye jeshi. Mzani wa usahihi ulikuwa mkononi mwa mwenye upanga.

Sasa twafika kwa mtu aliye mkuu wao kuliko wote, Carl Linnaeus, aliyekuwa profesa huko tangu mwaka 1741, akafa mwaka 1778. Kazi yake i mashambani mwetu, ingawa hatumtaji. Yeye ndiye aliyeithibitisha desturi ya kukipa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, na katika kitabu chake cha mwaka 1753 mhindi uliitwa Zea mays, na mbuni wa kahawa ile ilimwayo Kilimanjaro uliitwa Coffea arabica. Majina hayo hayajaondoka. Alihesabu viungo vidogo vya maua kwa jicho lake, akawatuma wanafunzi wake mbali wakaangalie kwa macho yao wenyewe: Peter Forsskål alifia Yemen mwaka 1763, na Carl Peter Thunberg alikaa Rasi ya Tumaini Jema tangu 1772 mpaka 1775 akikusanya mimea. Huko ndiko kufikiri kwa usahihi kweli kweli, nasi twamwinamia.

Lakini mwaka 1758, katika chapa ya 10 ya kitabu chake Systema Naturae, Linnaeus aliwagawa wanadamu kwa mabara manne, akaandika tabia ya kila fungu kama aandikavyo habari za majani na mbegu. Mzungu, alisema, huongozwa na sheria na desturi. Mwafrika ni mvivu, naye huongozwa na matakwa ya moyo wake tu. Linnaeus hakukanyaga Afrika hata siku moja. Mtu aliyehesabu viungo vya maua kwa jicho lake hakungoja kukaa hata juma moja katika kijiji cha watu aliowaandika, asikie wazee wakikata shauri la mpaka wa shamba. Naye hakuandika hayo kama hadithi ya barazani. Aliyaandika kwa Kilatini, ndani ya kitabu kile kile cha elimu, kwa herufi zile zile. Yakapita kuwa usahihi.

Tena hayakukaa kitabuni tu. Mwaka 1922 serikali ya Uswidi ilifungua katika mji huo huo wa Uppsala taasisi ya kuchunguza tofauti za makabila ya watu, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Herman Lundborg. Wachunguzi walikwenda kaskazini kwa Wasami, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi, wakawapima vichwa, wakawapiga picha, wakaandika hesabu kwa uangalifu mwingi. Taasisi ile ilikuwa ya serikali, si ya chuo. Kweli hiyo yapasa kusemwa. Ila mwaka 1959 iliingizwa chuoni, ikageuzwa idara ya elimu ya urithi na maradhi. Twasema hayo kwa sababu wale waliopima vichwa hawakujiona kuwa watu wa kufikiri ovyo. Walijiona kuwa watu wa kufikiri sawasawa. Walikuwa na rula, na mizani, na daftari safi.

Kinyume chake ni habari ya Svante Arrhenius, na hiyo ndiyo hasa iliyotubadilisha mawazo. Mama akitia chumvi chunguni, chumvi yatoweka machoni, ladha ikabaki. Imekwenda wapi? Arrhenius alikuwa akitafuta jinsi umeme upitavyo katika maji yenye chumvi, na mwaka 1884 alileta maandishi yake Uppsala ili apewe udaktari. Mbegu ya mafundisho yake ni kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe ndogo zenye umeme ndani yake, nyingine za namna moja na nyingine za namna ya pili. Wakubwa wa chuo hawakupendezwa. Walimpa cheti, lakini kwa daraja la chini, lisilomfungulia njia ya kufundisha. Ilimbidi apeleke maandishi yake ng'ambo. Wilhelm Ostwald wa Riga aliyasoma, akasafiri mpaka Uppsala amwone mtu huyo. Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya mafundisho yale yaliyoanza na karatasi zile zilizodharauliwa.

Na miaka mitatu tu baada ya daraja lile la chini, chuo kile kile kilifungua jumba lake jipya lenye maneno ya usahihi juu ya mlango.

Hatusemi kwamba waamuzi wake walikuwa waovu. Walisahihisha kama tusahihishavyo sisi: lililofanana na waliyokwisha kuyajua lilikuwa sahihi, lisilofanana lilikuwa kosa. Twakumbuka kijana mmoja darasani kwetu aliyegawanya sehemu za hesabu kwa njia tusiyomfundisha. Jibu lake lilikuwa sawa, nasi tulimpiga alama ya kosa, tukidhani ameangalia kwa mwenzake. Jioni tuliipitia njia yake tena, tukaiona kuwa fupi kuliko yetu. Kesho yake tulifuta alama ile, lakini yeye hakutumia tena njia yake.

Elsa Eschelsson naye asisahauliwe. Mwaka 1897 alipata udaktari wa sheria Uppsala, mwanamke wa kwanza wa Uswidi kupata cheo hicho, akaruhusiwa kufundisha. Basi kwa ushahidi wao wenyewe alifikiri sawasawa. Hata hivyo hakuweza kuwa profesa, kwa kuwa katiba ya nchi ilitaja wanaume kwa kazi hizo. Alikufa mwaka 1911 asikipate kiti hicho. Kwake usahihi haukupungua hata kidogo. Aliupata wote, akaukuta mlango umefungwa.

Wengine watatuuliza: je, Mkristo aweza kuuweka uhuru juu ya kweli? Hatuuweki. Lakini msomaji aifungue Injili ya Yohana, sura ya 8, aone jinsi Bwana wetu alivyoviunganisha viwili hivyo. Hapo kweli ndiyo iwapayo watu uhuru. Kweli haikai juu ya uhuru kama bwana akaavyo juu ya mtumwa, wala havikushindanishwa ni kipi kikubwa. Thorild alivipanga kama ngazi, na wenye jumba wakaisimamisha ngazi hiyo mahali ambapo wao wako juu yake.

Tungeulizwa tuchague kitu cha Uppsala cha kuandikwa juu ya mlango, tungeyaacha maneno, tukachukua desturi yao moja. Mtu atakaye udaktari, kitabu chake hupigiliwa msumari ubaoni hadharani, wiki tatu kabla ya siku yake, ili kila atakaye akisome. Siku ikifika husimama mbele ya watu wote. Huteuliwa mjuzi mmoja wa kumpinga, naye humhoji neno kwa neno, muda mrefu. Waamuzi wapo, na usahihi wapimwa kwa ukali. Lakini mjuzi yule akimaliza, watu walioketi wapewa nafasi, na yeyote, hata kama hana cheo chochote, aweza kuinuka na kuuliza swali lake, na yule aliye mbele hana budi kumjibu.