Kijiti Bado Hajasamehewa

Ukitaja muziki wa Morogoro, watu watakujibu kwa majina ya wanaume: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wanastahili. Lakini panda milima ya Uluguru, kule ambako ukoo hufuata upande wa mama, utakuta utunzi uliolitangulia gitaa la umeme, na wenyewe ni wanawake. Mwali akiwekwa ndani hahutubiwi, huimbiwa. Wimbo ni mistari miwili mitatu ya fumbo. Aliye nje atasikia ngoma tu, aliye ndani ataelewa ndoa, uzazi na heshima. Anayeimbisha ana kazi ngumu: neno likizidi, siri imemwagika; likipungua, mwali hakufundishika.

Kipimo hichohicho nakisikia kwa magwiji wa kike wa muziki wetu. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba taarabu na kufundisha unyago, na ngoma aliyowapigia wanawali wa Unguja aliifikisha mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya.

Kabla yake alikuwapo Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Katika nyimbo zake zote, mimi huusimamisha mbele "Kijiti". Kijiti alimuua mwanamke mjamzito aliyekuwa mgeni Unguja, kisha akatorokea bara. Wanawake waliofika mahakamani kushuhudia ndio wakaadhibiwa, kwa kisa cha pombe. Hebu fikiria uchungu wa mji ule! Siti akamtaja mtu yule kwa jina, akakisimulia kitendo chake, na hukumu iliyoshindikana mahakamani ikapita kwenye santuri, ikasikika barazani na jikoni. Bi Kidude akaurithi wimbo huo. Leo jina la hakimu nani analijua? La Kijiti tunalo.

Ndiyo maana "Yahaya" wa Lady Jaydee haunishangazi. Ni jina la mwanaume tena, na maswali ya jirani: anakaa wapi, anafanya kazi gani? Wimbo unauliza tu, na kwa kuuliza unamvua nguo mtu ambaye kila mtaa unamfahamu. Wengi husifu sauti za wanawake hawa, na sauti walipewa kweli. Mimi nasifu zaidi ujasiri wa kuchagua neno lisilofutika.

Kwa hiyo wewe binti wa Kihonda au Mwembesongo unayejipanga kuingia studio, usianze na biti. Nenda Matombo, Mgeta au Kinole, ukae kwa adabu na bibi anayeimbisha wanawali. Ya ndani yaache ndani. Muombe akufundishe jambo moja tu: namna ya kupunguza maneno mpaka yabaki yale yanayouma.