Tendo Lingali Mkononi

Katika sanaa ambazo walimwengu huzipita bila kuzitolea salamu, mimi naitukuza ile ya mwalimu wa shule ya msingi ambaye, akiwa mbele ya watoto waliozaliwa katika Kikamba na kukizoea Kiswahili sokoni na barabarani, huwafunza namna Kiingereza kinavyolitaja tendo lingali likitendeka. Wengi huliona somo hilo kuwa jepesi, kwa kuwa kanuni yake yatosha mstari mmoja: hutangulia "am", "is" au "are" kwa kufuata nafsi, kisha kitenzi chenyewe hutiwa "-ing" mwishoni. Lakini aliyepata kuketi nyuma ya darasa huko Mukuyuni, katika vilima vya Makueni, akamtazama mwalimu stadi kazini, hathubutu tena kuliita jepesi. Maana kuijua kanuni ni jambo moja, na kuifanya ikae ulimini mwa mtoto hata aitumie bila kuikumbuka ni jambo jingine, na baina ya hayo mawili ndipo ulipo ufundi.

Mwalimu huyo haanzi na ubao. Humwinua mtoto mmoja, humwamuru aende mlangoni, na mtoto angali njiani, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, humtaka atamke: "I am walking to the door." Papo hapo huligeukia darasa na kuuliza mwenzao anafanya nini, nalo hujibu kwa sauti moja: "She is walking to the door." Siri yote imo katika saa ya kutamka. Mtoto akinena kabla hajainua mguu, maneno yake ni ahadi tu. Akinyamaza hata akafika mlangoni ndipo aseme, maneno yamekuwa uongo, kwani tendo limekwisha. Kwa hiyo mwalimu hodari hulirefusha tendo kwa makusudi: humfanya mtoto atembee taratibu, aufute ubao toka pembe hadi pembe, akunje karatasi bila pupa, ili kauli ipate nafasi ya kuingia ndani ya kitendo na kutoka salama.

Njia hii ina nasaba yake. Mfaransa François Gouin aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1880, baada ya kumwona mtoto wa nduguye, aliyetoka kutembezwa kinuni, akiigiza usagaji wa nafaka huku akiusimulia hatua kwa hatua. Nchini Kenya, Kituo Maalumu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1957 kilieneza mtindo mpya wa kusomesha madarasa ya chini kwa Kiingereza, uliowatoa watoto katika kukariri na kuwatia katika kutenda. Na hata Tume ya Gachathi, iliyochunguza elimu nchini, iliposhauri, mwaka 1976, kwamba miaka mitatu ya mwanzo mtoto afunzwe kwa lugha ya mahali pake, mazoezi yale ya kutenda na kutamka hayakutupwa.

Na mwalimu wa Ukambani hana haja ya kuazima mifano mbali. Mama apitaye njiani aghalabu husuka kiondo huku akitembea, nyuzi za mkonge zikizunguka vidoleni bila yeye kuzitazama. Basi watoto hupata matendo mawili kwa mtu mmoja, "She is walking and she is weaving", na hapo hapo huoneshwa kwamba "weave" huidondosha "e" yake kabla ya "-ing", ilhali "dig", neno la mtoto aliyewahi kushika jembe akichimba matuta ya kuuzuia udongo wa mlimani, huirudia "g". Baba aliyekwenda Mombasa kwa kibarua cha miezi michache, "He is working in Mombasa"; lakini aliyehamia huko na kazi yake ikawa ya kudumu, "He works in Mombasa", na watoto wenye baba walio safarini huielewa tofauti hiyo upesi kuliko kitabu kinavyoweza kuieleza. Fauka ya hayo, jamaa iliyokwisha kuchagua mbegu na kuweka siku ya kupanda kabla ya mvua za vuli yaweza kusema "We are planting on Saturday" ingawa Jumamosi haijafika, kwa kuwa shauri limekwisha kukatwa.

Hata hivyo, weledi hudhihirika zaidi pale mwalimu anapowafunza mahali ambapo umbo hili halifai. Kiswahili chetu kwa "-na-" moja husema "ninalima" na "ninajua" pasipo kubagua, na kwa sababu hiyo wengi wetu husema "I am knowing" na "I am having a pen" hata uzeeni. Mwalimu stadi hakemei wala hacheki. Huwaambia watoto: nionesheni kulima, nao huinama wote. Nionesheni kujua, nao hubaki wamesimama, wakitazamana, kwa kuwa kujua hakuna pa kuanzia wala pa kukoma. Huwaambia watazame dirishani, nao hugeuza macho, na huko ni kutenda. Ama kuuona mlima, huko kumewajia wenyewe. Ndipo "I am looking" ikasimama, na "I am seeing the hill" ikaanguka. Na mmoja akiuliza kwa nini basi "I am having lunch" ni sahihi, mwalimu humwomba aoneshe, naye hupeleka mkono kinywani, akawa amejijibu mwenyewe kwamba hapo "have" ni kula wala si kumiliki.

Nauheshimu ufundi huu kwa sababu humzoeza mtoto kutazama kabla ya kunena, na kuuliza kila mara iwapo jambo analolitaja linaendelea, limekwisha, au ni desturi. Na mwenye tabia hiyo hunufaika nayo katika lugha zake zote. Mtihani hupima kujaza pengo katika sentensi, na pengo laweza kujazwa na aliyekariri. Kwa hiyo wenye kupanga vipindi, na wenye kuwapima walimu kwa alama peke yake, na wampe mwalimu huyu muda wa kutosha na nafasi ya watoto kutembea; kwani somo la tendo halifundishiki kwa watoto walioamriwa kukaa kimya.